Tuonyesheni ushahidi, na sisi tuonyeshe wetu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa harakati yetu, mjini Kamina)



Najua wengine mumetoka Dimayi kwa miguu, wengine Sobongo, na jua hili. Nitajaribu kutowachosha.

Muliniomba niseme juu ya afya. Mimi si munganga. Niko na lisansi na niko bila kazi, sawa na wengi waliokaa hapa mbele yangu. Kwa hiyo sitawafundisha kutibu mtu. Nataka kusema juu ya kitu ambacho kila raia anaweza kufanya: kuuliza "umejuaje?" Na nitaanza na kosa langu mwenyewe. Nisipoanza pale, hamuna sababu ya kusikiliza yatakayofuata.

Wakati wa kampeni moja ya chanjo ya polio hapa mjini, odio iliingia kwenye simu yangu. Sauti ya mwanaume, Swahili safi ya kwetu, inasema: polio ya Haut-Lomami imeletwa na chanjo yenyewe, na wazungu wenyewe wanakubali. Mimi mtu wa kusoma nikasema, ngoja nihakikishe. Nilikuwa na mega kidogo. Nikatafuta, nikaona kweli, kwenye ukurasa wa shirika kubwa la afya, wanaandika juu ya virusi vya polio vinavyotokana na chanjo, na jina la jimbo letu liko pale pale. Sikusoma ukurasa wote. Nikatuma odio ile kwenye makundi 3 ya WhatsApp, na nikaongeza maneno yangu: "Nimehakikisha. Ni kweli."

Kesho yake nikapita kwa yaya wangu. Ako na mtoto wa miezi 8. Nikamuuliza kama watu wa chanjo wamefika. Akanijibu: "Balifika. Nilifunga mulango. Weye njo ulisoma mu hii familia, na weye njo ulisema ni kweli."

Bandugu, niliingia katika harakati hii kwa sababu nilichoka kudanganywa na wakubwa. Siku ile nikakuta kwamba mimi pia nimekuwa mukubwa wa mtu, na nimemdanganya. Yaya hakufunga mlango kwa ujinga. Alifanya kile ambacho sisi wote tunafanya: alimwamini mtu anayemjua, mwenye kusoma, asiyepata faida yoyote katika jambo lile. Shida ni kwamba mtu yule alikuwa amesoma kichwa cha habari tu.

Nikaenda kituo cha afya. Wa kwanza niliyemkuta nikamuuliza: ni kweli chanjo inaweza kuleta polio? Akasema: "Bongo mutupu. Njo nyinyi ba jeune munaharibisha kazi yetu." Nikatoka na hasira, kwa sababu ukurasa ule niliuona kwa macho yangu. Nikawaza: kama anakataa hata hili lililoandikwa, anaficha mangapi mengine? Aliyenisaidia ni mama mmoja muuguzi, mtu wa umri, aliyenifuata mpaka nje. Akasema: "Mwanangu, haiko bongo. Ni nusu ya kweli. Kaa nikuambie nusu ingine."

Mimi nitawaambia nusu zote mbili.

Chanjo ya matone ina virusi vya polio vilivyo hai, lakini vimedhoofishwa. Mtoto akivimeza, vinakaa tumboni kwa muda, mwili wake unajifunza kupigana navyo, kiisha vinatoka na choo. Mahali ambapo watoto wengi wamechanjwa, virusi hivyo havipati pa kwenda, vinakufa. Lakini mahali ambapo wengi hawajachanjwa, na vyoo si vizuri, vinapita kutoka mtoto huyu hadi yule, mwaka mzima au zaidi. Katika safari hiyo vinabadilika kidogo kidogo, mpaka vinapata tena nguvu ya kupoozesha mguu wa mtoto. Polio ya asili, ile ya zamani, haijaonekana Kongo tangu mwezi wa 12 mwaka 2011. Lakini mwaka 2017 watoto walipooza katika Haut-Lomami, Tanganyika na Maniema kwa virusi hivi vilivyotoka kwenye chanjo, na mwezi wa 2 mwaka 2018 Wizara ya Afya ikatangaza hatari ya taifa zima.

Hapo odio ilisema kweli. Sasa nusu ingine. Virusi vile vilipata nguvu kwa sababu watoto waliochanjwa walikuwa wachache mno. Muwaze vijiji vya maziwa ya Upemba, upande wa Malemba-Nkulu na Bukama: unapanda mtumbwi, frigo hakuna, barabara hakuna, na chanjo lazima ifike ikiwa baridi. Mahali kama pale njo virusi vinapopata muda wa kutembea. Dawa yake ni kuwafikia watoto wote waliobaki. Yaya alipofunga mlango, alisaidia kitu kilekile alichokuwa anakiogopa. Na mimi njo nilimpa ufunguo.

Mutaniuliza: wanajuaje kwamba virusi vimetoka kwenye chanjo? Swali zuri, na jibu lake si siri. Mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea mguu au mkono ghafla, wanachukua choo chake mara 2, saa 24 au zaidi katikati, ndani ya siku 14 tangu alegee. Kinawekwa kwenye baridi, kinapelekwa INRB Kinshasa. Kule wanatafuta virusi. Wakivipata, maandishi ya ndani ya virusi yanasomwa na kulinganishwa na yale ya chanjo. Kwa kuhesabu mabadiliko wanajua vimetembea muda gani bila kuonekana. Munajua safari ya kutoka Mulongo mpaka Kinshasa. Choo kikipata joto njiani, ushahidi umekufa. Kwa hiyo mtu akikuambia "hakuna polio hapa", una haki ya kuuliza: mulipima wangapi, na sampuli zilifika zikiwa katika hali gani?

Kuna jambo lingine, na hili wakubwa hawapendi kulisema mbele ya wamama. Mwezi wa 4 mwaka 2016, dunia nzima iliondoa aina ya 2 ya polio ndani ya matone. Hoja yao ilieleweka: aina ya 2 ya asili ilikuwa imekwisha duniani, basi kwa nini kuendelea kuwapa watoto virusi hai vya aina hiyo? Lakini virusi vilivyotoka kwenye chanjo vilikuwa bado vinatembea mahali fulani, na watoto waliozaliwa baada ya hapo hawakuwa na kinga yake tumboni. Mwaka 2024, tathmini iliyoombwa na mpango wenyewe wa dunia wa kumaliza polio ilisema wazi kwamba badiliko lile lilishindwa. Katikati ya hapo wakaleta matone mapya ya aina ya 2, yaliyotengenezwa ili yasibadilike haraka. Mwezi wa 3 mwaka 2023, mpango uleule ukatangaza kwamba hata matone hayo mapya yamehusika na watoto waliopooza: 6 Kongo, katika Tanganyika na Kivu ya Kusini, na 1 Burundi. Yanaendelea kutumiwa kwa sababu yanabadilika mara chache zaidi kuliko yale ya zamani.

Kwa nini nawaambia habari hizi ambazo zinaweza kuwaogopesha? Kwa sababu sikuzipata kwenye odio. Walioendesha mpango walizitoa wenyewe, na tarehe, na hesabu, na jina la jimbo. Mtu anayekuonyesha kosa lake na hesabu yake, unaweza kuanza kumpima kwa mambo mengine pia. Yule wa kituo aliyeniambia "bongo mutupu" alitaka kulinda chanjo. Kwa kukataa ile nusu ya kweli, alinifanya nisiamini hata ile nusu yake.

Sasa nataka tutoke kidogo Haut-Lomami, twende Kikwit. Kuna kitu tutajifunza kule juu ya maana ya ushahidi.

Mwaka 1995 Ebola iliingia Kikwit. Profesa Jean-Jacques Muyembe na waganga wenzake wakachukua damu ya watu waliopona, wakawapa wagonjwa 8. Kati yao 7 wakapona. Saba kati ya nane! Mimi ningetuma odio usiku uleule. Lakini waganga wengine duniani wakauliza: munajuaje kama hawangepona bila damu ile? Pengine walikuwa tayari wamepita siku mbaya za ugonjwa. Hapakuwa na kundi lingine la kulinganisha nalo. Swali la namna hiyo linauma, hasa kwa Mkongomani aliyeona watu wakifa mbele yake. Lakini lilikuwa swali la haki.

Kazi haikuishia pale. Kutoka damu ya mtu aliyepona Kikwit, watafiti walikuja kutengeneza dawa inayoitwa mAb114. Na kuanzia mwezi wa 11 mwaka 2018, katika Kivu ya Kaskazini, kwenye vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, dawa 4 zililinganishwa. Mgonjwa alipata moja kwa bahati nasibu, hakuna aliyechaguliwa kwa uso wala kwa kabila. Wote walikuwa 681. Dawa iliyoaminiwa zaidi mwanzoni iliitwa ZMapp. Kati ya waliopata hiyo, karibu nusu walikufa: 49.7 kwa 100. Kwa mAb114 walikufa 35.1 kwa 100, na kwa nyingine, REGN-EB3, 33.5 kwa 100. Mwezi wa 8 mwaka 2019, kamati iliyokuwa inaangalia hesabu ikasema basi, tofauti inaonekana, wagonjwa wapewe hizi mbili tu.

Munaona? Ile iliyoaminiwa zaidi ilishindwa. Ile iliyotoka kwenye damu ya Mkongomani ilikuwa kati ya mbili zilizoshinda, na ilishinda kwa sababu ilikubali kulinganishwa, ndani ya nchi yetu, katikati ya vita.

Basi kipimo hicho tukitumie kwa kila mtu, hata kwa kitu tunachokipenda. Wengi wenu mulikunywa chai ya artemisia wakati wa Kovidi. Mimi pia. Mmea ule si mchezo: kutokana nao, Tu Youyou wa China alipata dawa ya malaria, akapewa Nobel mwaka 2015, na dawa za malaria tunazopewa hopitalini zina asili hiyo. Na kulikuwa na utafiti uliofanywa Maniema, ukatoka katika gazeti la kisayansi Phytomedicine mwaka 2019, ukisema chai ile inashinda dawa ya hopitali. Tuliusambaza sana, "wazungu wanaficha dawa yetu". Kiisha gazeti lile likauondoa utafiti, baada ya maswali juu ya namna ulivyofanywa. Habari ya kuondolewa, nani kati yetu aliisambaza? Kuondolewa hakusemi kwamba mmea ni bure. Kunasema kwamba juu ya ile chai bado hatujaonyeshwa. Kama tunamwambia waziri "leta ushahidi", hatuwezi kumwambia rafiki yetu "weye pita tu".

Bandugu, kuna mtu moyoni anajibu: shida si raia, shida ni serkali. Ana haki, na sitamkatalia. Tukumbuke Beni.

Mwezi wa 9 mwaka 2018, mwezi mmoja na kitu tangu Ebola itangazwe, watafiti waliuliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Theluthi moja tu hivi, 31.9 kwa 100, walisema wanaamini viongozi wa mahali pao. Robo moja, 25.5 kwa 100, walisema Ebola haipo. Watu wale walikuwa wamechinjwa miaka mingi bila kulindwa, kiisha ghafla magari mazuri yanakuja kuwalinda na ugonjwa. Halafu, tarehe 26 mwezi wa 12, Tume ya Uchaguzi ikatangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura pamoja na nchi, sababu ya Ebola na usalama. Wangoje mwezi wa 3. Lakini makanisa yalikuwa wazi. Soko lilikuwa wazi. Rais aliapishwa mwezi wa kwanza, kabla yao kupiga kura. Kesho ya tangazo lile watu wenye hasira walivamia kituo cha Ebola cha Beni. Na tarehe 30 raia wa Beni walipanga mistari mirefu, wakanawa mikono, wakapiga kura yao wenyewe ya mfano, kwa amani.

Kura ile ya mfano ilikuwa ushahidi: inawezekana kupanga mstari na kunawa mikono. Serkali haikuonyesha wa kwake. Haikusema kwa nini mstari wa kura unaambukiza kuliko mstari wa soko. Ukitumia ugonjwa kama kisingizio mara moja tu, kesho ukisema kweli juu ya ugonjwa uleule, nani atakufungulia mlango? Sikubali kuvamia kituo cha wagonjwa. Lakini anayetaka kujua kwa nini watu walikataa chanjo, asiseme "wajinga". Atazame kwanza nani alivunja imani.

Na atazame hesabu za nani zinatangazwa. Ebola ile ya mashariki iliua watu 2,287, na dunia nzima ilijua. Katika miaka ileile kantembele iliua zaidi ya 7,000 katika nchi hii, karibu wote watoto, na jimbo letu lilikuwa kati ya yaliyopigwa mapema. Nani alikuja kubandika hesabu ile kwenye ukuta wa avenue yenu?

Kwa hiyo ninapendekeza harakati yetu ipeleke maombi haya kwa wakubwa wa afya wa jimbo, kwa barua na kwa heshima:

Moja. Kila kituo cha afya kibandike ukutani, kila mwezi, kwa Swahili na Kiluba: wagonjwa wangapi wa polio, kantembele na kolera, waliokufa wangapi, watoto waliochanjwa wangapi, na siku ngapi chanjo ilikosekana.

Mbili. Kabla ya kila kampeni, waseme ni chanjo gani, kwa nini sasa, na madhara gani yanajulikana, hata yale machache.

Tatu. Mtoto akipata shida baada ya chanjo, mzazi ajue anaenda kwa nani, na jibu linarudi kwa muda gani.

Nne. Wauguzi na wamama rele wapewe nafasi ya kusema "sijui, nitauliza" bila kuadhibiwa. Na walipwe.

Na kwetu sisi pia. Kabla ya kutuma kitu cha afya kwa jina la harakati, tuulize: nani alisema? Alihesabu watu wangapi? Alilinganisha na nini? Nani alilipa? Je, umesoma mpaka mwisho? Na tukikosea, masahihisho yaende kwenye makundi yaleyale, na jina la aliyekosea likiwa juu. Nimeanza na la kwangu.

Nimalize na yaya. Nilirudi kwake nikamwambia nimekosea. Akanitazama: "Jana ulisema ni kweli, leo unasema ni kweli. Nishike gani?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia, yaya, usinishike mimi, twende kwa yule mama muuguzi uulize mwenyewe. Tukaenda. Akauliza maswali 3 ambayo mimi na lisansi yangu sikuyawaza. Mtoto akiwa na homa, bado anapewa? Nani analipa dawa hii, na anataka nini kwetu? Na mwana wangu akipata shida, nitalia kwa nani? Mama alijibu la kwanza na la pili. Kwa la tatu alinyamaza kidogo, akasema: "Kwa sasa, kwa mimi tu."

Yaya alikaa na jibu lile siku nyingi. Kampeni iliyofuata, alifungua. Aliniambia si kwa sababu yangu. Ni kwa sababu mama yule hakumdanganya kwa swali la tatu.

Masahihisho yangu niliyatuma kwenye makundi yale 3. Watu 2 waliweka dole gumba. Odio bado inatembea, juzi imenirudia kutoka Kabongo, na maneno yangu chini yake: "Nimehakikisha." Kwa hiyo Jumamosi asubuhi nitapita avenue yetu mlango kwa mlango pamoja na mama rele. Sitaenda kumwambia mtu achanje. Nitaenda kusema nilikosea wapi, na kuandika maswali ya watu ili tuyapeleke kituoni na kurudisha majibu. Anayetaka kutembea na sisi, aje na kalamu na daftari.